Dawa mseto imetoka kwenye pakanga, kwa nini chai yake isitoshe?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 4, kilo 16. Zahanati wamempima, ana malaria, wakampa dawa mseto (ALu). Bibi yake ana pakanga nyuma ya nyumba, anasema dawa yenyewe imetoka humohumo, tumpe chai tuache vidonge. Nifanyeje?
Mama wa Karagwe

JIBU: Marahaba, mama. Mpe vidonge, na usivikatishe.

Bibi hajakosea kuhusu asili ya dawa. Artemetha iliyomo kwenye ALu hutengenezwa kutokana na artemisinini, na artemisinini hutoka kwenye majani ya Artemisia annua, aina mojawapo ya pakanga. Kama pakanga yenu ni ile ya milimani, Artemisia afra, huo ni mmea mwingine na artemisinini yake si ya kutegemewa hata kidogo.

Kinachokwamisha chai ni kipimo. Artemisinini haiyeyuki vizuri majini. Tu Youyou, mwanasayansi wa Uchina aliyepata Tuzo ya Nobel 2015 kwa kuigundua, alifanikiwa kuitoa alipoacha kuchemsha majani majini akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi 35 hivi, hivyo joto halikuiharibu. Chai ya gramu 9 za majani makavu kwa lita 1 ya maji ilipopimwa ilikutwa na miligramu 94.5 tu, ilhali dozi ya mtu mzima ilikuwa 500 kwa siku. Shamba jingine, mavuno mengine, kiasi hubadilika tena.

Hicho kidogo nacho hutoka mwilini ndani ya saa chache. Homa hushuka, mtoto anacheza, nyumba nzima inafurahi, kumbe vimelea vichache vimebaki na baada ya wiki mbili tatu ugonjwa unarudi. Lumefantrini imewekwa kwenye ALu kwa ajili hiyo: hukaa mwilini siku kadhaa ikimaliza masalia. Dozi pungufu pia hulea usugu, yaani vimelea kuizoea dawa, na vimelea vyenye dalili za usugu kwa artemisinini vimeshaonekana huko kwenu Kagera, Rwanda na Uganda.

Kwa kilo 16 ni vidonge 2 kila mara, mara 6, jumla 12. Ukianza saa 2 asubuhi, rudia saa 10 jioni, kisha asubuhi na usiku kwa siku 2 zinazofuata. Viponde kwenye kijiko cha maji, umpe maziwa au uji wenye karanga papo hapo, maana bila mafuta lumefantrini hainyonywi vizuri. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha kachukue vidonge vya kufidia.

Akipata degedege, akilegea, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, mkimbize hospitali. Hapo anahitaji sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali.

SWALI: Na mimi nikinywa hiyo chai kila wiki kama kinga?

JIBU: Hapana. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono majani haya kwa kinga wala tiba. Lala kwenye chandarua chenye dawa.