Ukihamia Jambiani, uliza kwanza leo mwezi ngapi

Wiki yangu ya tatu Jambiani niliitisha kikao cha wazazi, saa nne asubuhi. Nilipanga viti arobaini. Walikuja wazee watano, wote wanaume. Mimi nimetoka Singida kuja kufundisha huku kusini mwa Unguja, na kwetu mzazi asiyefika kikaoni tunamhesabu kuwa hajali shule. Nilirudi nyumbani moyo umenivunjika.

Mchana mama mwenye nyumba akaingia uani na polo la mwani kichwani, kanga imelowa mpaka kifuani. Nikamwamkia, nikampokea mzigo, nikamweleza yaliyonipata.

"Mwalimu, kwani leo mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe ya kalenda ya ukutani.

"Siyo huo. Mwezi wa juu. Leo mwezi kumi na sita, bamvua. Saa nne utamkuta nani nyumbani?"

Ushauri wangu wote kwa mtu anayehamia visiwani unaanzia hapo. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hupwa sana na kujaa sana. Hilo ndilo bamvua. Huku Unguja maji ya bamvua hupwa kabisa kama saa nne na nusu asubuhi, na hujaa jioni saa kumi na moja hivi. Asubuhi hiyo ndiyo ya kazi: wanawake wako kwenye mashamba ya mwani, wengine wanatafuta pweza miambani. Kila siku saa hiyo husogea mbele karibu dakika hamsini. Mwezi ukifika nusu, yaani mwezi 7 au 8 (siku ya saba au ya nane tangu uandame), na tena 22 au 23, huja maji mafu: hayaendi mbali wala hayapandi sana, na saa nne hukuta yamejaa. Kwa hiyo mwenye tarehe ya Kiislamu kichwani tayari anajua saa za maji. Ziandike tarehe hizo pembeni mwa kalenda yako. Mimi nimefanya hivyo tangu siku ile.

La pili nililijua kwa hofu. Wakati wa bamvua bahari hukauka mpaka karibu na mwamba wa nje, kule mawimbi yanakovunjika, na mtu wa bara akiona mchanga mtupu hudhani ni uwanja. Nilitembea peke yangu kufika huko, nikakaa kutazama. Maji hayakunijia usoni. Yaliingia kwenye milango ya mwamba, yakajaza kwanza mikondo iliyokuwa nyuma yangu, na nilipogeuka ule mchanga nilioukanyaga ulikuwa tayari chini ya maji. Mzee mmoja akanipakia kwenye ngalawa yake bila kunisema neno, na wema wake sijausahau.

Fahamu kwamba tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua inakaribia mita nne. Saa ya kwanza maji hupanda polepole, yanakudanganya. Saa ya tatu na ya nne ndiyo hupanda kwa kasi, nusu ya kimo chote kwa saa mbili tu. Basi geuka kurudi kabla maji hayajaanza kugeuka. Na vaa viatu. Miiba ya shokomba, kile kinyama cha mviringo cha baharini, haina huruma.

Pepo nazo zina zamu. Kaskazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, huleta joto na bahari tulivu kidogo. Kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, huupiga mwamba wetu wa mashariki, wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba au huenda dago, yaani kupiga kambi ya uvuvi, kwingine, na samaki hupanda bei. Mgeni asinung'unike sokoni; aulize upepo. Baiskeli na bati vipake mafuta na rangi mapema, chumvi ya hewani haina msimu.

Linaloniuma ni mwani. Masika hunyesha, mwani haukauki, unaoza juu ya majamvi. Na kina mama wananiambia cottonii, ule mwani wenye bei nzuri, haustahimili maji ya siku hizi. Kwenye kina kifupi joto huupiga ukalegea na kufa. Wamebaki na spinosum, wenye bei ya chini, kazi ikiwa ile ile ya kuinama maji yakiwa magotini. Ukialikwa kufunga mwani kwenye kamba pamoja nao asubuhi moja, nenda. Utaacha kuwauliza kwa nini wamechoka.

Kikao kijacho nimekiweka mwezi 23, saa nne. Mama mwenye nyumba ameahidi kuwapitia wenzake, na viti nimeazima kumi zaidi.