Maksai wa Friesian Hapimwi kwa Urefu

Juzi msomaji mmoja wa Siha, Kilimanjaro, ameniandikia: "Dada, dume langu la Friesian lina miezi 17, limenipita kimo, na mchuuzi ameshakuja mara mbili. Nimwachie?" Ujumbe umenikuta bandani. Nikakaa juu ya ndoo nikausoma tena, maana swali hilohilo limenila maksai wawili, yaani madume waliohasiwa, kabla sijajua kulijibu.

Wa kwanza nilimuuza mapema. Alikuwa na miezi 18, shingo ndefu, mgongo umenyooka kama ubao, na kwa kuwa alimzidi kimo zebu yeyote wa kijijini, yaani ng'ombe wetu wa kienyeji, nikajua nina mali. Nikampeleka mnada wa Weruweru. Mnunuzi hakuhangaika na kimo. Alizunguka nyuma, akamshika penye shina la mkia, akabonyeza kwa vidole viwili, akasema, "Mama, hapa unaniuzia ngazi." Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani na pesa ambayo haikurudisha hata gharama ya pumba, na mpaka leo nikipita barabara ile sauti yake inanirudia. Iliniuma, lakini alikuwa na haki. Friesian ni ng'ombe wa maziwa: hujenga mifupa kwanza, nyama hufuata, mafuta huja mwisho kabisa. Dume wa miezi 18 aliyelishwa kwa kubahatisha ni fremu tu, nyumba isiyopigwa lipu.

Kwa wa pili nikaapa hakuna atakayenicheka. Nilimhasi mdogo, nikamlisha majani ya tembo, mabua, pumba ya mahindi, mashudu ya alizeti na molasi kidogo juu. Alipotimiza miaka miwili shemeji yangu akasema auzwe. Nikakataa. Nilikuwa namsubiri awe duara kama zebu walionona, wale ambao maji ya mvua hutuama mgongoni. Nikangoja miezi minne zaidi, na kwa nje sikuona tofauti kubwa.

Desemba, watu waliporudi Kilimanjaro kwa Krismasi na kila ukoo ukatafuta nyama, nikamuuza kwa mwenye bucha mmoja, naye akaniruhusu nisimame machinjioni. Walipompasua, figo hazikuonekana. Zilikuwa zimezama ndani ya bonge la mafuta ambalo yule kijana wa kisu alilibeba kwa mikono miwili. Akalitupa kwenye beseni la pembeni, akaendelea na kazi. Niliyaona mashudu yangu ya miezi minne yamelala kwenye beseni lile.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa. Ng'ombe wa maziwa huanza kuweka mafuta ndani, kwenye figo na kuzunguka matumbo, muda mrefu kabla hajayaweka chini ya ngozi. Ukimngoja aonekane kama zebu, unalipia mafuta ambayo mwenye bucha hayaning'inizi dirishani.

Sasa ninatumia utepe na mkono. Utepe ni ule wa kupimia kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele, asubuhi kabla hajala wala kunywa, kila baada ya wiki mbili. Kifua kikifika sentimita 170 na kitu, Friesian yuko kwenye kilo 400 hivi. Lakini namba yenyewe si kitu, tazama mwendo wake. Akiongezeka sentimita 2 kwa wiki mbili, anakula na anajenga, karibu kilo moja kwa siku. Ongezeko hilo likishuka mpaka nusu sentimita, mara mbili mfululizo, chukua kalamu. Maksai wangu wa mwisho chakula cha dukani kilikuwa kinanila shilingi 3,500 kwa siku, na kilo moja ya ng'ombe akiwa hai, kwa bei niliyopewa, ilikuwa kama 4,000. Alipokuwa anaongeza kilo nzima, nilipata kidogo. Aliposhuka chini ya nusu kilo, kila jua lilipozama nilikuwa nimepoteza.

Mkono nao unathibitisha. Bonyeza pembeni mwa shina la mkia: ukikuta kitu laini kama ncha ya kidole gumba chako badala ya mfupa mkavu, mafuta ya nje yameanza, na kwa Friesian hapo panatosha. Shika kidari, shika na kile kifuko cha korodani kilichobaki baada ya kuhasiwa, kikiwa kimejaa ni dalili njema. Mbavu ya mwisho uihisi, lakini isikuchome. Usiangalie mgongo. Mgongo wa Friesian utakudanganya mpaka mwisho.

Huyo wa mwisho nilimuuza akiwa na miezi 25, kilo 430 kwa utepe, kwa shilingi 1,700,000. Mnunuzi alishika shina la mkia, akanyamaza, akaanza kuhesabu pesa. Nilijua hesabu yangu kwa sababu nyama na mifupa yake hutoka karibu nusu ya uzito wa hai, hivyo sikuteremka hata senti.

Ndugu zangu, tunafuga kwa jasho halafu tunauza kwa hofu. Mchuuzi akisimama getini si sababu. Ada ya Januari si sababu, anza kuipangia Julai. Na kama umemchoma sindano ya antibiotiki, soma siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa na uzitimize zote, hata mnunuzi akikuongezea laki mbili. Nyama ile italiwa na watoto wa watu.

Kaka wa Siha, usimwachie bado. Kesho asubuhi mpime, andika kwenye daftari, mpe mashudu na pumba kwa kipimo kilekile kila siku, umpime tena baada ya wiki mbili. Nitumie namba zote mbili, na uniambie vidole vyako vimekuta nini penye mkia.