Klachi ya Hilux 5L: fuata flaiwili na giaboksi, usifuate jina la gari

Mkuu, umeuliza klachi ipi inafaa Hilux ya dizeli yenye injini ya 5L (ni jina la injini, si lita tano) inayopiga kazi ya mchanga na saruji. Fundi anasema chukua hevi dyuti, muuza duka anasema zote ni zile zile. Wote wamekujibu bila kuuliza la kwanza: ndani ya hiyo gari kwa sasa kuna nini?

Pikapu za zamani nyingi huku kwetu zimeshabadilishwa injini, na nyingine giaboksi pia. LN106 (namba ya modeli ya Hilux) iliyotoka kiwandani na injini ya 3L leo unaikuta na 5L, na kadi ya gari bado inasoma vilevile. Ukienda dukani ukasema "nipe klachi ya Hilux LN106", unapewa ya kadi, si ya gari. Presha pleti (kifuniko chenye springi kinachobana pleti) inafuata flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), kwa sababu boliti na pini zake zinaingia huko. Pleti yenyewe, diski inayobanwa katikati, inafuata flaiwili na giaboksi: upana wake unafuata flaiwili na presha, meno ya katikati yanafuata shafti ya giaboksi. Rilizi beringi inakaa kwenye giaboksi lakini inasukuma vidole vya presha, hivyo lazima ikubaliane na pande zote.

Kwa hiyo shusha giaboksi kwanza, halafu ndiyo uende dukani na seti ya zamani mkononi. Pima kipenyo cha pleti. Toyota wametumia saizi kadhaa kwenye pikapu, kuanzia kama milimita 225 hadi 260, na kwa macho tu tofauti ya sentimita moja inakupita. Hesabu meno, Hilux nyingi zina 21. Kisha laza presha mpya juu ya ya zamani, matundu ya boliti na ya pini yalingane. Pleti mpya ijaribu kwenye shafti kabla giaboksi haijarudi: iteleze vizuri kwenda na kurudi, isikwame, isicheze.

Lakini kabla ya yote hayo hakikisha kinachoumwa ni klachi kweli. Ingia gia ya nne kwenye mwendo mdogo, barabara ikiwa tupu, kisha kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mzunguko wa injini ukipanda wakati gari haiongezi mwendo, klachi inateleza. Kama tatizo ni gia kukwaruza zinapoingia au kugoma, angalia kwanza masta silinda (pampu ya pedali) na slevu silinda (inayosukuma rilizi). Ikivuja au ikiingiza hewa, klachi haikati (haiachii injini na giaboksi) hata ukifunga seti mpya ya bei gani, na utakuwa umelipia kushusha giaboksi bure. Sauti nayo inasema. Ikisikika ukikanyaga pedali, shuku rilizi au pailoti beringi (beringi ndogo inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi). Ikisikika gari ikiwa silensa (injini inanguruma, gari imesimama), mguu haupo kwenye pedali, kisha ikanyamaza ukikanyaga, hiyo mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia ya giaboksi, na hapo klachi haina hatia. Gari ikitetemeka wakati wa kuondoka, tafuta oili kwenye pleti, madoa ya kuungua kwenye flaiwili, au mauntingi (raba zinazoshikilia injini) zilizochoka.

Sasa hiyo hevi dyuti. 5L haina tabo, nguvu yake ya kuzungusha ni karibu Nm 200. Linganisha na injini ya 1KD yenye tabo ya Hilux Vigo ya gia za mkono, Nm 343. Injini ya 5L peke yake haiwezi kuteletesha klachi nzima ya kiwango cha kiwandani. Kinachoiua ni mzigo uliopitiliza, kuondoka na gia ya pili, kushikilia gari mlimani kwa klachi badala ya handbreki, na matairi makubwa kuliko ya asili ambayo yanafanya gia ya kwanza kuwa ndefu. Ukibadilisha klachi bila kubadilisha hayo, hevi dyuti nayo itaungua, tofauti ni kwamba umeilipia zaidi.

Kama mzigo ni mzito kila siku, chukua seti yenye presha iliyoongezwa nguvu kiasi na pleti ya kawaida ya ogeniki. Kubali kwamba pedali itakuwa nzito kidogo na mfumo wa hidroliki utafanya kazi zaidi, hivyo masta iliyochoka itaanza kuvuja. Pleti za vipande vya seramiki achana nazo. Zinashika ghafla, gari inaruka ukiondoka, zinakula flaiwili, na kwenye foleni utajuta. Hizo ni za mashindano na injini zilizoongezwa nguvu. Pleti isiyo na springi katikati pia usiiguse, springi zile ndizo zinazozuia mitikisiko ya dizeli isiingie kwenye giaboksi.

Kwa majina, Aisin na Exedy ndizo ningeanza nazo kwa Toyota. Shida ni kwamba boksi zao zinaigwa sana, Kariakoo ya Dar au Kirinyaga Road ya Nairobi, kote. Usinunue boksi, fungua. Namba iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kwenye boksi. Weka presha mezani uangalie vidole vyake vya diafragma: viwe usawa mmoja, kupishana kusizidi nusu milimita. Riveti ziwe zimezama sawasawa kila upande. Pleti ya mtumba kutoka injini ya nje inaweza kufaa kama riveti bado zimezama vizuri. Zikibaki milimita 0.3 tu kutoka juu, imekwisha. Ile iliyobandikwa nyuso mpya za msuguano kwa riveti mtaani, hapana. Ikizunguka kwa kasi, uso unaweza kupasuka na kuvunja kila kitu ndani ya nyumba ya klachi.

Nunua seti nzima: pleti, presha, rilizi, na pailoti beringi juu yake. Kuweka pleti mpya kwenye presha ya zamani ni kuokoa hela leo na kulipa fundi mara mbili. Sili ya nyuma ya krenki ikiwa na unyevu wowote, badilisha hapo hapo, pamoja na ya mbele ya giaboksi. Tone la oili likifika kwenye ogeniki, pleti hiyo imekufa hata kama ina wiki moja.

Flaiwili ya 5L ni chuma kizima, inaweza kukerezwa. Mwambie fundi mashine atoe kidogo tu, uso uwe tambarare; ukipunguzwa sana, kitako cha pleti (sehemu yake ya katikati) kinaweza kugusa vichwa vya boliti na rilizi ikakosa mwendo. Wenye 1KD wasome hapa: baadhi zina flaiwili mbili ndani ya moja, zenye springi katikati. Hiyo haikerezwi. Ikilegea inabadilishwa, au unafunga seti ya flaiwili nzima na kuvumilia mlio kidogo kwenye silensa.

Kwenye kufunga, makosa ni yale yale. Pleti kugeuzwa: kitako chenye springi kinachotokeza kinatazama giaboksi, kikigeuka klachi haikati. Grisi nyingi kwenye meno: weka utando mwembamba, futa inayozidi. Presha mpya inakuja na mafuta ya kuzuia kutu, isafishe kwa dawa ya kusafishia breki, na usiguse uso kwa mikono yenye oili. Sentaisha pleti kwa kifaa chake au shafti ya zamani. Boliti za presha kaza kidogo kidogo kwa mtindo wa nyota hadi Nm 19, usizibamize upande mmoja, kifuniko kinapinda. Usiache giaboksi ining'inie kwenye pleti wakati wa kuisukuma, inapinda katikati yake na ndiyo inaleta kutokukata kusikoeleweka.

Mwisho, toa hewa kwenye hidroliki, weka mafuta mapya ya breki, DOT 3 au DOT 4, na acha pedali icheze kama milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kusukuma. Bila mchezo huo rilizi inagusa muda wote na klachi inateleza ikiwa bado mpya. Kilomita 500 hadi 800 za kwanza usibebe mchanga.