Shingo ikikaza, usiseme ni mashetani

Hospitali ya Mirembe, Dodoma, ilianza mwaka 1927, wakati mgonjwa wa akili alikuwa wa kufungiwa tu. Dawa ya kutuliza ugonjwa wenyewe, kloropromazini, ilikuja mwaka 1952 huko Ufaransa. Siku hizi wengi hulazwa kwa muda mfupi, kisha kazi ya muuguzi inabaki kwa mama au dada nyumbani. Mara nyingi anakabidhiwa vidonge bila maelezo, na hilo ni kosa kubwa.

Kinachotisha zaidi huja siku chache baada ya kuanza haloperidoli, moja ya dawa za kutuliza ugonjwa wa akili, au kuongezewa dozi, hasa kwa vijana wa kiume. Shingo inapinda upande. Macho yanapanda juu na kung'ang'ania huko, taya linabana, ulimi unakuwa mzito. Mgonjwa anasikia kila mnachosema, na hofu yake inazidi yenu. Hapo ndipo mganga huitwa. Jamani, ni madhara ya dawa tu, na yana tiba: mpeleke kituo cha afya saa hiyohiyo, ukiwa na pakiti ya vidonge mkononi, apewe sindano ya kulegeza misuli au benzeksoli, dawa ya kuondoa mkakamao huo. Usimpe haloperidoli nyingine mpaka mhudumu aamue. Ikiwa anapumua kwa shida, au ana homa kali na mwili mzima umekakamaa, msingoje kupambazuke.

Baada ya hapo adui ni nafuu. Anafua nguo zake, anasalimia majirani, anasema amepona. Na nauli ya kliniki nayo inauma. Dawa inaachwa. Ugonjwa unaweza kurudi wiki au miezi baadaye, na watu wanasema hospitali imeshindwa. Baada ya kuugua mara ya kwanza, dawa huendelea angalau miezi 12 tangu dalili ziishe. Usimuulize kila asubuhi kama amemeza, mtagombana; hesabuni vidonge pamoja mara moja kwa wiki. Akichoka navyo, ulizieni sindano ya kila mwezi badala ya vidonge.

Huduma inazidi kusogea karibu na watu. Harare, tangu 2006, daktari Dixon Chibanda amefundisha mabibi kuketi na wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, kwenye benchi nje ya kliniki. Kwa ugonjwa unaohitaji dawa, ukaribu huo unaanza na karatasi: kabla ya kutoka hospitali, omba barua ya kwenda zahanati yenu, yenye jina la dawa, dozi na tarehe ya sindano ijayo.