Gitaa la Tundu la Moyo: Daraja Lisigundishwe

SWALI: Nimenunua gitaa kuukuu la Kifaransa la jazi ya mtindo wa mpiga gitaa Django Reinhardt. Tundu lina umbo la moyo na halina lebo. Freti (vile vijiti vya chuma shingoni) za juu zote zinatoa sauti ya juu kuliko tuni inayotakiwa. Fundi anataka kuligundisha daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi. Nimruhusu?
Msomaji, Brussels

JIBU: Usimruhusu. Daraja la gitaa hili hushikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Vile vipande vya pembeni, masharubu, ndivyo hugundishwa. Cha katikati husogezwa, na tiba yako iko hapo.

Pima kutoka mwanzo wa shingo, nyuzi zinapokalia, hadi freti ya 12. Kutoka hapo hadi darajani uwe umbali huohuo ukiongeza milimita 2 hadi 4, nyingi zaidi upande wa nyuzi nene. Legeza nyuzi, sogeza, kaza. Kisha piga uzi ukiugusa kwa wepesi juu ya freti ya 12, halafu upige ukiubonyeza hapohapo. Sauti ya kubonyeza ikiwa ya juu kuliko ya kugusa, rudisha daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa ya chini, lisogeze kuelekea shingoni. Tuni ikikubali, tia alama ya penseli. Nyuzi nazo badilisha mmoja mmoja, maana ukizitoa zote daraja linaanguka.

Gitaa likitoa sauti ya kukwaruza, huenda nyayo za daraja hazilali sawasawa. Weka msasa namba 120 juu ya ubao wa mbele wa gitaa, upande mkali juu, ulisugue daraja polepole mpaka liukalie wote. Funga nyuzi za unene wa inchi 0.010 au 0.011, za shaba iliyopakwa fedha. Za 0.013 zitaudidimiza ubao, ambao ni mwembamba.

Na usilipie bei ya Selmer! Kampuni hiyo ya Paris ilitengeneza magitaa ya mtindo huu kati ya 1932 na 1952, hayafiki elfu moja: kwanza tundu la herufi D, baadaye la yai. Moyo ulikuwa mtindo wa karakana ya Di Mauro, ingawa tundu peke yake si cheti.

SWALI: Gitaa la plastiki la mtengenezaji Maccaferri la miaka ya 1950 nalisafisha kwa thina?

JIBU: Hapana! Plastiki yake, polistirini, huyeyuka kwa thina, asetoni na petroli. Tumia kitambaa na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Usiliache ndani ya gari juani, litapinda.