Ghorofa linapimwaje kabla tetemeko halijaja?

SWALI: Injinia shikamoo. Niko Bukoba, lile tetemeko la 2016 lilinikuta sokoni na mpaka leo nikiingia kwenye ghorofa kwanza naangalia ngazi ziko wapi. Hivi hawa wanaojenga maghorofa marefu ya zege wanajuaje kwamba yatasimama, au wanasubiri yatikisike ndo wajue?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Kusubiri ndo kulivyokuwa kwa muda mrefu. Januari 17, 1995 tetemeko lilipiga Kobe kule Japani, wakafa watu zaidi ya 6,000, na kuna majengo ya zege ambayo ghorofa moja tu ya katikati ilibanwa ikapotea, juu na chini vimebaki. Baada ya hapo Wajapani wakajenga meza ya kutikisia majengo mjini Miki, jirani na Kobe, wanaiita E-Defense, ikaanza kazi 2005. Ukisikia meza usifikirie ya kulia ugali, hii ina mita 20 kwa 15 na inabeba tani 1,200, chini yake kuna majeki makubwa ya haidroliki yanayoipeleka mbele nyuma, kushoto kulia, juu chini, kwa kufuata mtikisiko uleule uliorekodiwa Kobe. 2015 wakaweka juu yake jengo la zege la ghorofa kumi, jengo zima siyo kimodeli, wakalitikisa huku limejaa vifaa vya kupimia mtikisiko na kamera.

Sasa wanachotafuta siyo kuanguka tu. Wanataka kuona linaumia wapi kwanza, na mara nyingi ni pale bimu, ile boriti ya zege inayolala, inapokutana na nguzo. Hapo ndo utaona umuhimu wa ringi, zile nondo nyembamba zinazofunga nondo kubwa za nguzo. Ringi zikiwa zimeachana sana, au ncha zake zimekunjwa digrii 90 tu badala ya kuingizwa ndani kwa 135, zege la nje likishabanduka zinafunguka, nondo kubwa zinajipinda na nguzo inakwisha.

Jengo la ghorofa 40 hakuna meza ya kulibeba, kwa hiyo wanajenga kipande, nguzo na bimu yake, jeki inasukuma na kuvuta polepole mpaka kivunjike, halafu majibu yanaingizwa kwenye kompyuta kupigia hesabu jengo zima. Na urefu peke yake siyo ubaya, ubaya ni ardhi ikitikisika kwa mwendo unaokaribiana na wa jengo kuyumba. Jengo la ghorofa kumi huyumba kwenda na kurudi kwa kama sekunde moja, refu zaidi, au lililoanza kupasuka, huyumba taratibu zaidi. Kwenye tetemeko la Mexico City 1985 udongo laini wa ziwa la zamani ulitikisika kwa mwendo wa kama sekunde 2, ukayakuta ya ghorofa 6 mpaka 15 yakaumia kuliko mafupi.

Kwa hiyo ukijenga huko Bukoba nenda saiti kabla zege halijamwagwa, uzione ringi kwa macho yako, maana likishamwagwa hata mimi injinia sizioni.