Nendeni Bandar Seri Begawan na Watoto, Wenye Kucheka Wacheke

Juma lililopita nimepokea ujumbe wa dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, ambaye yeye na mumewe wamedunduliza fedha za kuwapeleka watoto Asia ya Kusini Mashariki. Wanataka kwenda Brunei, lakini jamaa zao wanawaambia kuwa huko ni kutupa fedha, kwa sababu hakuna kitu cha kuona. Maneno hayo nayajua vizuri. Shemeji yangu alitutolea maneno hayo hayo mbele ya wageni mara tuliporejea Dar es Salaam kutoka huko Brunei, na mpaka leo tukikutana harusini huuliza, kwa sauti ya kusikika meza ya tatu, kama usingizi wa Brunei ulitutosha.

Ulitutosha, na ndiyo sababu ninamshauri dada huyu aende. Bandar Seri Begawan, mji mkuu wa Brunei, ni mji mdogo ambao familia huumaliza kwa miguu bila ya kugombana. Kutoka Msikiti wa Omar Ali Saifuddien, uliokamilika mwaka 1958, wenye kuba la dhahabu na mashua ya mawe iliyojengwa ndani ya ziwa lake, hadi kwenye gati za mtoni, ni mwendo ambao hata mtoto mvivu hauoni mrefu. Pombe haiuzwi nchini humo, na usiku mitaa hutulia mapema mno. Mume wangu alilalamika kidogo, kisha akazoea.

Kilichowateka watoto wangu ni Kampong Ayer, kijiji kilichosimama juu ya nguzo ndani ya mto, chenye misikiti, shule na hata kituo cha zimamoto. Pigafetta, Mwitaliano aliyeandika habari za msafara wa baharia Magellan na aliyekuwa ndani yake, alifika Brunei mwaka 1521 na kuukuta mji tayari umejengwa juu ya maji. Tulivuka kwa boti nyembamba ya abiria, nahodha wake akiwa ameshika injini kwa mkono mmoja na sigara kwa mwingine, tukashukia kwenye daraja la mbao ambalo baadhi ya mbao zake zilikuwa zikicheza. Binti yangu mdogo alilala kifudifudi akachungulia katika upenyo, akamwona samaki akipita chini ya sebule ya watu, na hapo tukakaa mpaka yeye mwenyewe aliporidhika, kwa kuwa hapakuwa na foleni nyuma yetu wala mtu wa kutuhimiza.

Chakula kisiwatishe. Ambuyat, wanga wa sago (utokao kwenye shina la mti wa jamii ya minazi) uliosongwa kwa maji ya moto, huwekwa katikati ya meza kama ugali wetu, ila huzungushwa kwa kijiti cha mianzi chenye ncha mbili, huchovywa katika mchuzi mchachu wenye pilipili, na humezwa bila kutafunwa. Wanangu walicheka kuliko walivyokula.

Wazazi wenzangu, tuseme kweli: nyingi ya safari zetu tunazifanya kwa ajili ya picha za kuwaonesha watu. Tunawaburura watoto kutoka mnara hadi duka kubwa, tunawafokea, kisha tunashangaa wakitamani kurudi hotelini. Mtoto anataka mzazi asiye na haraka, na mji usio na haraka humsaidia mzazi huyo kupatikana. Anayeona hilo ni uvivu, basi hajawahi kukaa na wanawe.

Kwa ufupi, dada yangu, tafuteni malazi karibu na mto. Dola za Singapore zinapokewa kwa thamani sawa na dola za Brunei tangu mwaka 1967, hivyo mkipitia Singapore badilisheni huko. Ijumaa, kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, maduka na mikahawa hufungwa kwa ajili ya sala, kwa hiyo walisheni watoto mapema. Alasiri kodini boti mkawatazame kima wenye pua ndefu, ambao hupatikana katika kisiwa cha Borneo pekee. Mkibakiwa na siku, vukeni daraja refu la kwenda wilaya ya Temburong, lililofunguliwa mwaka 2020, mkauone msitu; lakini njia ya kutembea juu ya vilele vya miti hufikiwa kwa ngazi nyingi mno, kwa hiyo mwenye mtoto wa kubeba abaki chini.